Betri Iliyoanikwa na Bibi

Plastiki iliyopata moto ina harufu yake. Juzi, tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu shangazi yangu Rehema, redio iliyosahaulika juani ilinirudishia harufu hiyo, nikajikuta natabasamu mbele ya watu waliokuja kutupa pole.

Nilikuwa mtoto, tukiishi mtaa wa Makorora na Bibi, mama yake Shangazi. Umeme ulikuwa wa mgao. Shangazi alikuwa mpiga chapa, na alikuwa amenunua kwa mtu kompyuta ya kukunja, nzito kama tofali, inayotumia betri. Neno laptopu tulikuwa hatujalisikia. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimwahidi kazi ya kuchapa mitihani, ila kwanza alitaka aione ikiwaka bila umeme.

Mchana wa siku ambayo mwalimu angekuja, Shangazi aliigeuza mashine, akakuta mahali pa betri pako wazi.

"Mama, kuna kitu kimetoka hapa?"

"Nimekianika," Bibi akajibu huku akipepea jiko. "Hutaki kipate nguvu?"

Tuliikuta juu ya bati la banda la kuku, imepangwa pamoja na betri za redio, ambazo kila nyumba ilizianika zikichoka. Ilikuwa ya moto, haishikiki. Shangazi aliizungushia kanga, akaiweka kando ya mtungi wa maji, akakaa akiitazama kama anauguza mtu.

Alasiri, betri ikiwa imepoa na kurudishwa mahali pake, mwalimu akafika. Nikamwamkia, akaketi.

"Haya Rehema, tuone hiyo miujiza."

Shangazi akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi. Kisha mashine ikalia kidogo, ikawaka. Mwalimu akachapa jina lake kwa kidole kimoja, akakosea, akacheka mpaka akavua miwani. Kazi ikapatikana.

"Ningewaachia nyie, ingewaka hiyo?" Bibi akauliza mgeni alipoondoka.

"Isingewaka, mama."

Baadaye Shangazi alimwambia kwamba betri ile hupenda kivuli, na Bibi akawa anakaa ubavuni mwake, akiilinda na kuku. Akawatangazia majirani kuwa yeye na Rehema wanafanya kazi pamoja. Shangazi akiulizwa, alikubali. Nilidhani anamfurahisha mama yake tu. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba ada yake ya kujifunza kupiga chapa ililipwa kwa vitumbua, na Bibi ndiye aliyekuwa akivikaanga kila alfajiri. Kumbe Shangazi alikuwa akisema kweli tupu.