Nishani za Mzee Kwenye Kifua cha Nyapara

Kosa ni langu, na sitamsingizia shetani. Shetani hakuwa na meza katika ofisi yetu. Karani wa masilahi ya wafanyakazi nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwenye shamba moja kubwa la chai huku Kericho. Meneja aliamua kwamba Jumapili moja ya Novemba kampuni iwakumbuke askari wa Vita Kuu vya Pili, nami nikaachiwa sherehe yote. Nilifurahi kama mjinga!

Aliyepigana vita hivyo shambani kwetu alikuwa mmoja tu: mlinzi wa geti, mzee aliyekwenda Burma na Keya, jeshi la Mwingereza. Tena alikuwa babake Chebet, msichana niliyetaka kumwoa. Jumamosi iliyofuata wazee wetu walikuwa waende kwake kwa koito, kuposa.

Lakini jamani, sura ya yule mzee! Meno mawili, koti la viraka, mguu wa kuchechemea. Na mpiga picha alikuwa anakuja! Basi nikaziazima nishani zake, nikimdanganya kwamba zitapangwa mezani. Nikambandika nazo nyapara wa mizani ya majani, mwanamume mrefu mwenye suti, aliyezaliwa vita vikiwa vimekwisha kitambo. Mgeni mmoja alimwuliza alipigana wapi.

"Sotik," akajibu, akitaja mji wetu wa jirani bila hata kupepesa macho.

Mzee mwenyewe nilimweka getini awafungulie wageni.

Ukafika wakati wa kunyamaza dakika mbili. Sisi tulikuwa tukitazama saa zetu. Mara gari la mkubwa kutoka Nairobi likapiga honi nje, na geti halifunguki! Mzee alikuwa amevua kofia, amesimama wima, machozi yanamtoka. Hakufungua mpaka dakika zilipokwisha.

Meneja alifura. "Nani huyo anatuharibia sherehe?"

"Ni mzee wa geti tu, bosi," nikasema. "Hajui mambo ya jeshi."

Ee Mungu wangu! Mzee alikuwa amemsindikiza mkubwa ndani, yuko hatua tano tu kutoka pale. Aliziangalia nishani kwenye kifua cha nyapara, akaniangalia mimi, kisha akavaa kofia yake.

Jumamosi tulikwenda. Alitupokea vizuri, tukanywa mursik, maziwa ya kibuyu, hata nikadhani yamekwisha. Baba mdogo wangu akaeleza kilichotuleta.

"Huyu kijana yenu aliona mimi sitoshi kuwa mimi," mzee akasema polepole. "Sasa atafute baba mwingine ya Chebet, mwenye suti. Huyo ndio atapatia yeye msichana."

Wazee wetu wote walinigeukia. Nilitamani ardhi inimeze!

Chebet aliolewa Bomet mwaka uliofuata. Mimi nami kampuni iliniandikia barua ya pongezi, kwamba sherehe ilifana.

Ninyi mnaopanga siku za kuwakumbuka askari kazini, nawasihi: kabla ya kutafuta hema na mpiga picha, ulizeni nani kati yenu alikwenda vitani. Mpeni kiti cha mbele, na mwacheni alie. Barua yangu ya pongezi ningali nayo, na nyumbani sina wa kumsomea.