Ngoja-Uone Anajifunza Kutumaini

Tulimwita Ngoja-Uone, na jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimwambia leo mvuke wa mashine umekaa vizuri, anajibu, "Ngoja uone." Ukimwambia mwanao amepona surua, "Ngoja uone." Siku nesi mmoja alipotuletea kadi ya harusi yake, aliigeuza mbele na nyuma, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Karatasi nzuri. Ngoja uone." Tulicheka mpaka tukalegea, na nesi akacheka pia, ingawa si sana.

Alikuwa msimamizi wetu katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mimi nilikuwa mpiga pasi, na kwa miaka tisa nilikunja naye mashuka kwenye meza moja, yeye ncha ile, mimi ncha hii. Mengi ninayosimulia hapa alinieleza mwenyewe. Mengine niliyaona. Na moja, lililo baya, nililisababisha mimi.

Kwa kazi, wasiwasi wake ulitufaa. Kila shuka kutoka wodini alilipapasa kwanza, akitafuta sindano iliyosahauliwa. Alizipata nyingi. Katika zamu zake hakuna mtu aliyewahi kuchomwa. Lakini kinachofaa mbele ya furushi la mashuka machafu hakifai mbele ya mtoto, na yeye alikuwa na mtoto mmoja tu, binti.

Alisema hakuzaliwa hivyo. Mume wake alikuwa seremala, mtu wa vicheko, ambaye kwake kila jambo lingekuwa sawa. Alipoota uvimbe shingoni, mdogo kama punje ya haragwe, alisema utaondoka wenyewe. Ulipofika ukubwa wa yai alisema Mungu si Athumani. Mkewe alimsihi aende hospitali, tena hospitali yenyewe ni hii aliyokuwa akifanya kazi, hatua mia mbili kutoka wodi mpaka chumba cha kufulia. "Mwezi ujao," alisema, "nikimaliza hili kabati." Alipokubali, madaktari walitazamana tu. Kabati lilibaki bila milango, na binti alikuwa na miaka minane.

Tangu siku hiyo mama aliyaona matumaini kama mtu anavyomwona mwizi aliyewahi kuingia kwake. "Ndiyo yaliyomuua mume wangu," alikuwa akisema. Ukimwambia subira huvuta heri, anajibu, "Huivuta, na kamba ikakatika."

Binti alikua na akili nzuri. Alitaka chuo cha maabara, awe yule anayetazama damu kwenye hadubini. Akafanya mtihani, akakosa alama nne. Alirudi nyumbani na karatasi mkononi, na mama yake akiwa anamenya viazi.

"Si nilikuambia?" alisema mama.

"Nitarudia mwakani, mama."

"Mwakani kichwa kitakuwa kilekile. Usijiinue, mwanangu, ukianguka utaumia."

Binti hakurudia. Alipata kazi katika duka la ndoo na mabeseni, na huko akapata mchumba, fundi wa kuchomelea vyuma. Walioana, akashika mimba, na ilipofika miezi mitano ikatoka. Alilazwa hospitalini kwetu. Mama yake alipanda ngazi na aproni yake mbichi, akasimama miguuni pa kitanda, na neno lililomtoka lilikuwa hili:

"Nilijua tu."

Aliniapia baadaye kwamba alitaka kusema jingine. Alitaka kusema kuwa miezi mitano yote alikuwa hapati usingizi kwa kumhofia. Lakini mdomo una njia yake iliyozoea, kama maji ya mtaro.

"Ulijua?" binti alimuuliza. "Basi ulikuwa unangojea." Akageukia ukutani.

Miaka miwili wakawa wanasalimiana kwa simu, shikamoo na marahaba, basi. Kisha siku moja asubuhi mkwe akatokea mlango wa nyuma wa chumba cha kufulia, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kuna nini?"

"Mke wangu ana mimba. Miezi sita sasa." Alimeza mate. "Amesema usije mpaka mtoto azaliwe. Amesema hataki maneno yako karibu na tumbo lake. Unisamehe, mama, nimetumwa."

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema Ngoja-Uone. Akarudi mezani, akashika ncha ya shuka. Tulikunja mpaka zamu ikaisha. Kesho yake, kabla hajavaa hata aproni, aliniuliza, "Yule mshauri wa wafanyakazi, wa ghorofa ya pili, anatibu mdomo?"

Hakutaka kwenda peke yake, nikaenda naye kama shahidi. Mshauri alikuwa mwanamke mwembamba, umri wa binti yake, mwenye meza ndogo na sauti ndogo.

"Mimi ndivyo nilivyoumbwa," alianza Ngoja-Uone, kabla hajaulizwa.

"Sehemu umeumbwa hivyo," mshauri alisema. "Sehemu umejifunza. Ulichojifunza unaweza kujifunza upya kwa namna nyingine."

Ngoja-Uone akamweleza habari za seremala, kama mtu anayetoa kielelezo mahakamani. Mshauri alisikiliza mpaka mwisho, akasema polepole, "Mama, mumeo hakuuawa na matumaini. Aliuawa na kutokwenda. Mwenye matumaini ya kweli angekwenda mapema, kwa sababu angeamini kuna dawa."

Nilimwona Ngoja-Uone anapikicha ukingo wa kanga yake.

Somo lenyewe lilikuwa jepesi kulisema. Boila la mvuke likiharibika, mshauri alimuuliza, unajiambia nini? Akajibu bila kufikiri: hapa kila kitu kibovu, kitabaki kibovu, na lawama ni zangu. "Basi likitokea baya," mshauri akasema, "jiulize maswali matatu. Ni la daima, au la leo? Ni kila kitu, au ni hiki kimoja? Ni mimi tu, au kuna mengine?" Akampa na daftari. Kila siku baada ya kazi aandike baya moja, alivyojiambia, na jinsi ambavyo angemtetea rafiki yake kwa jambo hilohilo. Kisha jema moja, na sababu yake. Na hofu asiitupe. Aitume kazi: aandike hatua moja ya kuzuia anachokiogopa, kisha afunge daftari.

Jema la kwanza aliloandika lilikuwa, "Leo hakuna aliyekufa chumba cha kufulia." Mshauri akacheka, akasema ni mwanzo.

Msidhani ilikuwa rahisi. "Nahisi kama nimevaa viatu vya mtu," aliniambia. Siku nyingine alilirusha daftari kwenye kikapu cha mashuka ya kuchomwa, tukalifukua wawili. Lakini alishika, kwa sababu alikuwa akihesabu miezi ya tumbo ambalo hakuruhusiwa kulikaribia.

Na alihitaji mtu wa kujifunzia. Akanipata mimi. Nilikuwa nimeshindwa mara mbili mtihani wa udereva wa gari la wagonjwa, kazi niliyoitamani kuliko zote, na mara zote mbili nilishindwa kurudi nyuma. Nilikuwa nimeshaamua kwamba mwanamke wa miaka arobaini na mbili abaki na pasi yake.

"Umeshindwa kurudi nyuma," alinisahihisha. "Hukushindwa kuendesha. Ni kimoja kati ya vingapi?"

"Vinane."

"Basi saba unavijua. Kesho saa ya chakula tukutane uani."

Aliyapanga matoroli ya mashuka uani kama nguzo, akamwomba dereva mzee atuazime gari kuukuu, na kwa wiki saba alisimama juani akinipungia: njoo, njoo, simama, kata kulia. Niligonga matoroli yasiyo na idadi. Aliyasimamisha tena. Mara ya tatu nilifaulu, naye akanikumbatia mbele ya zamu nzima akisema, "Nilijua utaweza!" Watu walidhani ana homa.

Mtoto alizaliwa mwezi huohuo, msichana, mzima kabisa, katika hospitali yetu. Bibi yake alifua mashuka ya wodi ya wazazi siku hiyo bila kujua kwamba moja ni la binti yake. Aliambiwa siku ya tano. Mkwe alikuja tena mlango wa nyuma, safari hii anatabasamu: "Njoo Jumamosi, mama. Saa tisa."

Akaniomba nimsindikize. Alikuwa ameandika sentensi zake na kuzikariri kama mtoto wa shule.

Walikaa vyumba viwili, sakafu imepigwa deki hadi inang'aa, mabeseni mapya ya dukani yamepangwa ukutani kwa ukubwa. Binti alikuwa kitini, uso umevimba kwa uchovu. Mama alinawa mikono, akampokea mtoto, akamtazama weee.

"Ana vidole virefu," alisema. "Atashika kila anachokitaka."

Binti alimtazama kama mtu aliyepigiwa simu na sauti asiyoijua. Mimi, kwa kutaka kusaidia, nikafungua mdomo wangu.

"Mama yako siku hizi ni mtu mwingine," nilisema. "Bila yeye mimi nisingepata leseni." Nikaeleza yote: daftari, matoroli, jua, wiki saba. Nilidhani namimina mafuta kwenye bawaba. Binti alisikiliza bila kunikatiza.

"Ulishindwa mara mbili, naye akakuambia urudie?"

"Alinilazimisha!" nilisema, nikicheka.

Hakucheka. Alimgeukia mama yake. "Kwa hiyo unaweza."

Mama akabaki na mtoto mikononi.

"Miaka yote nimejiambia, mama ndivyo alivyo," binti alisema, wala hakupaza sauti. "Kipofu halaumiwi kwa kutoona. Kwa njia hiyo nikakusamehe, nusu. Kumbe ni kitu cha kujifunza. Daftari na kalamu, miezi mitatu, na mtu wa kazini akafaidi."

"Nilikuwa sijui, mwanangu. Nilidhani nakukinga."

"Mimi nilikosa alama nne, mama. Nne! Sikuhitaji wiki saba. Nilihitaji uniambie rudia, mara moja tu, ukiwa unamenya viazi vyako."

Kisha akanyoosha mikono, si kwa ukali, akamchukua mtoto wake. "Anataka kunyonya," alisema, ingawa mtoto alikuwa amelala.

Njiani nilimwomba radhi mpaka maneno yakaniishia. "Usijilaumu," alisema. "Umesema kweli." Tulipofika kwenye njia panda alisimama, akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti, kama alivyofundishwa. "Ni la daima? Labda si la daima. Ni kila kitu? Hapana, mtoto ni mzima, na mkwe ananiheshimu." Akafika kidole cha tatu, akakishika. "Ni mimi?" Akakikunja. "Hili ni mimi."

Wiki iliyofuata alipanda ghorofa ya pili, akamuuliza mshauri kwa nini hakumwonya kwamba dawa hii inauma kuliko ugonjwa. Zamani alikuwa na kisingizio, alisema. Alikuwa ameumbwa hivyo, kwisha. Sasa wamemponya, na kisingizio kimekwenda na maradhi. Yule mwanamke mwembamba hakumpa maneno matamu. Alisema kutarajia mema ya mbele hakufuti ya nyuma, na kwamba ya nyuma nayo yana kazi yake, isipokuwa kazi hiyo haina daftari.

Aliendelea vilevile. Alikwenda chuo cha maabara akaulizia umri, akaambiwa hawana kikomo, akachukua fomu. Binti alikuwa na miaka ishirini na tisa tu. Alimpelekea fomu ndani ya bahasha safi, na kando kaandika kwa penseli masomo ya kurudia. Mkwe alisema binti aliisoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini. Kisha ikarudi kupitia kwake, na ujumbe: "Mwambie mama ampe mpiga pasi wake."

Ameshastaafu sasa. Chumba cha kufulia kimepata msimamizi mwingine, na mwezi wa kwanza tu watu wawili walichomwa sindano. Yeye ameruhusiwa kumwona mjukuu Jumamosi mbili kwa mwezi, kuanzia saa tisa. Binti hukaa chumba cha pili. Mlango huuacha wazi, na anasikia kila neno bibi analomwambia mtoto: utatembea, utasoma, utaona. Mara moja, bibi alinisimulia, binti alichungulia ndani akauliza kama mama amekula. Akajibiwa amekula. Akarudi alikotoka. Uongo, mama hakuwa amekula. Aliogopa tu kuonekana anataka kitu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa namrudisha mgonjwa kwake kwa gari, nikapita mtaa wa binti. Nikamwona Ngoja-Uone amesimama nje ya geti, na mfuko mikononi, dakika ishirini kabla ya saa yake. Nikapunguza mwendo, nikamuuliza mbona haingii.

"Nikiwahi atasema nina haraka," alisema. Akanionyesha kwa mkono nisogeze gari, nafunga njia.