Salamu ya Hana

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kliniki ya serikali pale Makole, ambako watoto wenye ulemavu hawalipishwi, hamgusi mtoto kabla ya kumsalimu. Husugua viganja mpaka vipate joto, akainama, akasema, "Hujambo, Hana?" Kisha hungoja, hata foleni ikifika nje. Restuta, anayemleta binti yake kutoka Gulwe, humjibia upesi: "Hajambo." Mtaalamu huendelea kumtazama mtoto, ambaye mtindio wa ubongo umemlemaza hata ulimi, ndipo huanza kumnyoosha vidole, taratibu, kimoja kimoja.

Leo Restuta alikuja kuaga. Ukweni wamemwambia anajichosha bure. Mazoezi yalipoisha alimfunga Hana mgongoni, akawa anatafuta maneno, mara sauti nzito ikajikokota nyuma ya shingo yake: "Shi... ka... moo."

Mtaalamu alikuwa ameshamwinamia mtoto mwingine. Aliinuka, akazunguka nyuma ya Restuta, akainama tena.

"Marahaba. Hujambo, Hana?"

Akangoja. Restuta naye, akiwa ameshika fundo la kanga, safari hii hakumjibia.