Ukurasa Usiofutika

Hebu keti karibu nikueleze polepole, maana jambo lenyewe si gumu. Kuna njia mbili za kuchapisha mtandaoni bila jina. Katika ya kwanza, ukurasa wako hukaa kwenye kompyuta moja iliyofichwa, na anayeusoma hupitishwa mikono mingi, kila mkono ukijua tu ule uliotangulia na unaofuata. Inaficha vizuri, ila kompyuta ile ikizimwa, ukurasa umekwenda. Katika ya pili, ukurasa hukatwa vipande na kugawiwa kompyuta za watu wengi wasiojuana. Mmoja akizima, wengine wanao.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza mama mmoja, mshona shanga za viatu katika soko la Kariokor, aliyekuja kwenye darasa langu la kompyuta mtaani Tena. Tangi la maji juu ya paa la ploti yao, jengo la nyumba za kupanga kule Huruma, lilikuwa wazi, limeota ukijani, njiwa mfu akielea ndani. Watoto walikuwa wanahara. Alikuwa amelipiga picha, lakini mwenye nyumba hufukuza wenye mdomo.

"Mwalimu, hii yako inaficha kuliko buibui ya shangazi yangu?"

"Kuliko hiyo."

"Na bado shangazi tunamjua kwa mwendo!"

Tulicheka. Nikamchagulia njia ya pili, nikijivunia kwamba hakuna atakayeweza kuifuta. Anwani ya ukurasa ilifunguka hata kwenye simu ya kawaida, kwa hiyo nikaibandika kwenye nguzo za stima, katikati ya matangazo ya waganga.

Msimamizi wa ploti hakuhitaji ujuzi wowote. Aliitazama picha, akaona mashuka yameanikwa nyuma ya tangi. Pale kila nyumba ina siku yake ya kufua, na ufunguo wa paa hukaa kwa mwenye siku. Alienda moja kwa moja hadi mlangoni kwa yule mama.

"Si haya ni mashuka yako? Toa hiyo kitu kufikia Jumapili, ama utoe vitu vyako."

Mama alinijia akihema. "Itoe tu, mwalimu. Si wewe uliiweka?"

Nikaanza upya habari za vipande na kompyuta za watu, kwa sauti ileile ya upole ya darasani.

"Unanifunza, ama unaniambia haiwezekani?"

Uso ulinichoma. "Haiwezekani, mama."

Jumatatu nilishuka ngazi za ploti ile na godoro lake kichwani, akihama. Tangi lilikuwa limeshaoshwa na kufunikwa. Majirani walimnong'oneza asante, wakarudi ndani haraka. Mimi hawakunisemesha, na nilishukuru, kwa sababu nisingejua niangalie wapi.

Wewe, kabla ya kuchapisha picha yoyote, mwonyeshe mtu mmoja wa ploti yenu unayemwamini. Usimwambie nani aliipiga. Mwulize: nani angeweza kusimama hapa? Akikutaja wewe, usiichapishe.