Sidii ya Rali Kutoka Shamba la Mpunga

Baba mkubwa alikuwa na maksai mmoja mwekundu asiyetaka kukata kushoto. Plau ikifika mwisho wa shamba, yeye anataka kulia tu. Ukimlazimisha, analala chini kama mtu aliyefiwa. Mimi nilikuwa mdogo, shule nilishaiacha darasa la tatu, kazi yangu ni kutangulia na kushika kamba. Nikaona nisibishane naye. Nikamwacha aende kulia, akazunguka weee mpaka akatokea upande niliokuwa nautaka, mwenyewe hana habari. Baba mkubwa akasema huyu mtoto ana mkono wa kukata kona. Maneno hayo yaliniharibu. Tangu siku hiyo nikajiona dereva, na gari nilikuwa sijapanda hata moja.

Nikawa utingo, halafu dereva kweli, lori la pamba, Mwanhuzi hadi Bariadi, msimu kwa msimu. Barabara ilikuwa vumbi na makorongo, mvua ikinyesha inakuwa uji. Lakini barabara siyo habari yangu leo. Habari yangu ni dereva mwenzangu, bwana mmoja wa Mwanhuzi, ambaye alikuja kumwoa dada yangu, kwa hiyo ni shemeji. Na kwetu shemeji ana ruhusa ya kukutania mpaka ukose hamu ya kula, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa na foleni. Malori yanalala siku mbili, tatu, yakisubiri mizani. Karani wa mizani alikuwa na kompyuta, zile za zamani zenye kisogo kirefu, na ndani yake gemu la rali. Gari linakimbia kwenye matope, msituni, kwenye barafu ambayo sijawahi kuiona, na sauti ya Mzungu inakuambia kona inakuja. Unaendesha peke yako, saa inahesabu. Ukimaliza, mwenzako naye anaendesha njia ile ile. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Kiingereza sikukijua, lakini kona nilizijua.

Hata hivyo shemeji alinishinda msimu mzima. Nasema kweli, sifichi. Ila siku ya mwisho, yeye yuko nje na lori lake, karani kaenda kula, niliendesha ile njia ya msituni nikaupita muda wake kwa sekunde mbili. Sikuwa na shahidi. Nilipomwambia, akanitazama kwa huruma. "Shemeji," akasema, "hata mimi nikiwa peke yangu huwa naendesha ndege."

Miaka ishirini na zaidi. Kila harusi, kila akija kututembelea, ananiomba mbele za watu nisimulie nilivyomshinda. Nikisimulia, wanacheka. Nikinyamaza, anasimulia yeye, wanacheka zaidi. Nikapania kwamba kabla sijafa nitamshinda huyu mtu tena, macho ya watu yakiona.

Basi mwaka huu akatuma habari kwamba baada ya mavuno atakuja kukaa kwetu wiki nzima. Nikasema ndiyo hii. Sidii ya lile gemu ninayo, karani alinipa alipoacha kazi. Nikafungua sanduku. Haipo.

Mke wangu alikuwa ameifunga kwenye kamba ya katani shambani, pamoja na sidii za kwaya na za harusi za watu, zing'ae juani ziwafukuze kwelea wasile mpunga. Wanawake wengi hapa wanafanya hivyo, na sikatai kwamba inasaidia. Lakini ile! Nilipita tuta kwa tuta nikizigeuza moja moja. Yangu nikaikuta karibu na mfereji, ina kinyesi cha ndege juu yake. Nikampelekea nikamwonyesha.

"Imelinda chakula misimu minne," akaniambia. "Kwako ilikuwa inafanya nini?"

Nikaenda mjini kwa mama mmoja mwenye steshenari, anayechapa barua na mitihani ya shule. Mtu wa miwani, maneno machache. Nikamsalimia mwangaluka, akaitika, akaishika sidii kwa ncha za vidole. Akaniambia kompyuta za siku hizi hazina mdomo wa kuilisha kitu kama hiki. Nikadhani ananitania, nikaizunguka laptopu yake pande zote nne. Kweli haina mdomo.

Nikatafuta mdomo. Nikaupata kwa bwana aliyekuwa anapiga video za harusi, kisahani cha kusomea sidii, cha kuchomeka kwa waya. Siku ya kwanza kilivuma kama nyuki, hakikusoma kitu. Yule mama wa steshenari akasema sidii ina mikwaruzo, nikaisugue kwa dawa ya meno. Nikaisugua nyumbani asubuhi nzima. Nilipoirudisha akaniuliza nimesugua vipi. Nikasema kwa kuzungusha. Akavua miwani. Kumbe inasuguliwa kutoka katikati kwenda nje. Nikarudi nyumbani kusugua upya, na mke wangu anauliza dawa ya meno inakwenda wapi.

Ikasoma. Gemu likaingia kwenye kompyuta, tukalifungua, likasema weka sidii. Sidii imo! Tukaitoa, tukairudisha. Weka sidii. Mama akasoma mtandaoni kwa siku mbili, akanieleza taratibu kama anaeleza mtoto: ndani ya gemu kuna mlinzi anayekagua sidii, na kompyuta mpya zimeshawafukuza walinzi wa aina hiyo. Sasa nyumba inamngoja mlinzi aseme ndiyo, na mlinzi hayupo kazini. Nikamuuliza si aandikwe mwingine. Akasema ndicho anachokitafuta. Akakipata, kafaili kadogo kalikotengenezwa na watu wa mbali huko wanaopenda magemu ya zamani. Mungu awabariki, ingawa sijui wanalima saa ngapi.

Likafunguka. Picha ikatokea ndogo katikati ya skrini, kama stempu. Akaivuta, magari yakanenepa kama ng'ombe wa masika. Akairekebisha. Nikakaa, nikakanyaga mafuta, yaani nikabonyeza, gari likaruka kama limechomwa sindano, kabla sijapumua liko mtini. Kompyuta mpya ina mbio kupita gemu lenyewe. Mama naye sasa alikuwa amekasirika, akaacha mitihani ya watu mezani akaishughulikia mpaka mchana, akaifunga breki. Jioni niliendesha njia ya msituni mpaka mwisho. Nilitoka pale nimenyooka mgongo.

Siku ya tatu ya wiki yake nikampeleka shemeji pale steshenari. Nikamwita na fundi cherehani wa jirani, na wateja wawili waliokuwa wanangoja fotokopi, wawe mashahidi. Nikampa shemeji aanze. Akavuta kiti, akaendesha. Akagonga mti. Akagonga na mwingine. Akaingia mtoni, akatoka, anacheka tu mwenyewe. Muda wake ukawa wa aibu. Nikanyoosha vidole, nikakaa mimi. Akaniwekea mkono begani.

"Usijichoshe, shemeji. Siku ile ulinishinda."

Nikamuuliza siku ipi.

"Ile ya mizani. Nilikuwa dirishani. Niliona muda wako, sekunde mbili."

"Na miaka yote hii?"

"Sasa ningekutania na nini?"

Fundi cherehani alikaa chini. Wale wa fotokopi walishikana. Yule mama, ambaye sikuwahi kuona meno yake, aliweka kichwa juu ya mashine akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kwenye skrini gari langu lilikuwa linanguruma, linahesabiwa tano, nne, tatu. Kukasirika siruhusiwi, huyu ni shemeji. Nikachukua kofia yangu, nikatoka, nikapita stendi, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Mama ametuma watu mara mbili nikachukue sidii yangu. Sijaenda. Nikiwa na barua ya kuchapwa naipeleka upande wa pili wa soko.