Sahihi Yangu Imekula Kiinua Mgongo Changu

Mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, mzaliwa wa Kondoa, mkazi wa Dodoma. Nimezika wake wawili, foleni za maduka ya kaya zimeniacha mzima, matajiri wanne wa bekari wamepita mimi nipo. Jina langu msiliandike. Herufi zilizopinda zinyoosheni wenyewe, barua hii nimeiandika siku nne.

Kwa kuoka mkate mji huu hakuna wa kunifikia. Naingiza mkono tanurini, nahesabu mpaka saba, nakwambia moto umefika au bado. Mkono wa kulia hauna nywele hata moja. Zamani mshahara wa mwezi nilikwenda nao Kibaigwa nikarudi na magunia mawili ya mahindi na hela ya nyama, na kila jioni mikate miwili ya mfanyakazi kwapani. Lilipoingia soko huria mshahara ukawa wa madebe mawili, la tatu nalitazama tu. Mikate ya mfanyakazi ikafutwa. Mkate nilioukanda mwenyewe naupita dukani kama hatujuani.

Nikajipa moyo, kiinua mgongo kipo. Mke wangu wa sasa alishakipangia mabati, maana kibanda chetu cha Nzuguni ni kuta za matofali mabichi, hakijaezekwa.

Bekari ilipouzwa tukaitwa watano. Karani, binti mdogo, akatoa karatasi za taipu na wino wa dole gumba.

"Shikamoo mzee. Nikusomee?"

"Marahaba. Wewe hujazaliwa, mimi nina cheti cha elimu ya watu wazima. Lete kalamu!"

Wenzangu wakacheka, "Msomi huyo, mpisheni!" Nikapiga sahihi yenye mkia mrefu. Kusoma najua, ila herufi ndogo za taipu hunikimbia.

Wale wanne wa dole gumba wakasomewa. Kumbe imeandikwa: nimeacha kazi kwa hiari, sidai chochote. Wakagoma, wakaenda kwa afisa wa kazi, wakalipwa. Msomi peke yangu nimebaki mikono mitupu, kibarua wa kutwa kwenye tanuri lilelile.

Nami nilikwenda kwa afisa. Akasema, "Mzee, kama hujui kusoma tamka hapa mbele ya shahidi, niandike, sahihi itenguke. Kama unajua, basi ulijua ulichosaini."

Nikasema najua. Nikatoka.

Kila Ijumaa mke wangu anauliza, "Baba Zubeda, bado tu?" Namwambia makaratasi yako Dar. Mvua imeshaanza, kona moja ya ukuta imelowa ikaanguka. Na pale kijiweni kwenye kahawa, miaka yote mimi ndiye ninayeshika gazeti nawasomea wenzangu. Nikilitamka lile neno kwa afisa, kabla ya adhuhuri mji mzima unajua.

Ninyi mnaosoma, mnaosoma kweli, niambieni nishike lipi. Mimi sioni njia, naona matope tu.

Anayenitilia shaka awaulize wale wanne. Ila shahidi anayetakiwa na afisa ni mmoja tu, yule binti karani aliyetaka kunisomea. Juzi tumekutana sokoni, akaniamkia.

Sikumwitikia.