Paka wa Ndululu na Zamu ya Kiilu Kisimani

Ndululu wa Makindu alikuwa mjane wa kupanda mtama na kutosahau. Ukimkosea wakati wa kulima, atakukumbusha wakati wa kuvuna, tena mbele ya watu.

Mwaka ule wa 1938 aliyemkosea alikuwa jirani yake, Kiilu. Nzamba, paka dume aliyelinda ghala la Ndululu dhidi ya panya, alikula vifaranga wawili wa Kiilu, na Kiilu akaapa sokoni kwamba paka huyo hatamaliza mwezi. Ndululu aliyaweka maneno yale moyoni, yakachacha.

Jumatatu Nzamba akakataa maziwa. Akawa anachuchumaa kwenye majivu, anajikamua na kulia, na hakuna kinachotoka. Ndululu hakuhitaji mganga wa kumwambia kitu. Kiilu amemtilia sumu, basi.

Akampeleka stesheni kwa Mutiso, karani wa simu, ambaye zamani alimfanyia kazi daktari wa mifugo. Daktari mwenyewe, Mzungu aliyependa paka kuliko watu, wiki ile alikuwa Sultan Hamud na askari wake akihesabu ng'ombe, maana serikali iliona Wakamba wana ng'ombe wengi mno, na wa ziada walichukuliwa. Akipigiwa leo, kesho atafika.

"Mama, paka akikosa kula siku moja, unaweza kumwangalia kwanza," Mutiso alisema. "Lakini dume akijikamua na mkojo hautoki, simu ni leo. Ukingoja utazika."

Ndululu alikuwa karibu kukubali. Kisha akakumbuka ng'ombe tisa ambao Kiilu alikuwa amewaficha vichakani. Kila mtu aliwajua, na kila mtu alinyamaza. Walishuka kunywa kila siku ya tatu, Kiilu alipopata zamu kwenye kisima cha mchanga katika mto mkavu, chini tu ya boma lake Ndululu. Zamu iliyofuata ilikuwa Alhamisi.

Akamwambia Mutiso apige Jumatano, daktari afike Alhamisi. Mutiso aliuliza kama Ndululu amemsikia vizuri. Alikuwa amemsikia vizuri sana.

Jumanne alishinda na paka mapajani, akimdondoshea maji mdomoni kwa kidole. Aliumia kumwona hivyo, nisimsingizie. Lakini kila paka alipolia, yeye alimwona Kiilu amesimama mikono mitupu, na moyo ukapoa. Alimnong'oneza Nzamba avumilie, atalipiziwa.

Alhamisi asubuhi Nzamba akafa. Daktari alifika saa sita na askari wake, akapiga magoti, akalibonyeza tumbo la paka, gumu kama kibuyu. Ndululu akamtajia sumu, akamtajia na aliyeitia.

"Hapana sumu," daktari alisema kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Mkojo nafunga. Wewe naita mimi Jumatatu, mimi natia mpira ya mkojo, paka napona."

Huko chini ng'ombe wakalia. Ndululu, aliyekuwa amezingoja sauti hizo siku tatu, sasa aliomba moyoni wanyamaze. Akaanza kuongea kwa sauti kubwa, akamkaribisha daktari uji, akamshika hata mkono wa shati. Daktari alikwisha kusimama akitazama juu ya ua. Akawaita askari, wakateremka, na ng'ombe wote tisa wakachukuliwa.

Alasiri Kiilu akapanda kutoka mtoni na fimbo yake ya kuchungia. Yeye aliamini daktari ameitwa kwa ajili ya paka tu, na bahati mbaya ni yake mwenyewe. Akamwona Nzamba amefunikwa kanga.

"Pole, mama," alisema. "Yale ya sokoni yalikuwa hasira tu. Mimi nisingemgusa."

Ardhi ilikuwa imekauka kwa kiangazi, na Kiilu akasema mwanamke peke yake hataiweza. Akachukua jembe lililoegemea ghala, akauliza achimbe wapi. Ndululu alimwonyesha kwa kidevu, na Kiilu akaanza kuchimba.